Alexander Ogston, daktari aliyefuatilia chanzo cha usaha

Mama, mlezi, ukiambiwa goti la mtoto wako lina usaha, huenda ukashangaa: umetoka wapi, na wala hana kidonda? Aliyetusaidia kupata jibu ni daktari wa upasuaji wa Uskoti, Alexander Ogston.

Alizaliwa mwaka 1844 mjini Aberdeen na kusomea udaktari hapohapo. Zamani hizo mtu alipona upasuaji, kisha akafa kwa usaha na homa. Madaktari wengi waliona usaha ni jambo la kawaida tu katika kidonda. Ogston hakuridhika. Yeye mwenyewe alikuwa akipasua wagonjwa ambao magoti yao yanagongana, na usaha ukiingia ndani ya goti ni hatari.

Alipotazama usaha wa jipu la mguu kwa hadubini, aliona vijidudu vya mviringo vimeshikana kama kishada cha zabibu. Lakini nzi pia huonekana kwenye kidonda, na si yeye aliyekileta. Vijidudu hivi je? Katika maabara yake ndogo nyuma ya nyumba, aliwachoma sindano ya usaha ule panya wadogo na simbilisi. Wakaota majipu, na wengine wakaugua mwili mzima. Usaha uliopashwa moto sana au kutiwa dawa ya kaboliki, ambao vijidudu vyake vimekufa, haukuleta jipu. Wanyama wale waliteseka, sikatai. Ila nani angekubali mtoto wake achomwe usaha ili tujue?

Mwaka 1880 alieleza matokeo yake Berlin, na mwaka 1882 akakipa kijidudu jina, stafilokokasi. Alionyesha pia kwamba kinaweza kutoka kwenye jipu kikaingia katika damu. Alifariki mwaka 1929, kabla hospitali hazijawa na antibiotiki.

Kijidudu hicho huishi puani na kwenye ngozi ya watu wengi bila kuwadhuru. Kikipata njia ya kuingia kwenye damu, huweza kutua kwenye nyonga au goti la mtoto. Ndiyo maana hukuona kidonda.

Kwa hiyo mtoto mwenye homa, kiungo kimoja kimevimba au kina joto, na hataki kukanyaga, mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Kichanga anaweza asiwe na homa. Utaona hachezeshi mguu mmoja, au analia ukimbadilisha nepi. Usimkande kwa maji moto wala kumsugua dawa, na usimpe vidonge vilivyobaki nyumbani. Usaha huharibu gegedu la kiungo ndani ya siku chache. Hospitalini watavuta majimaji ya kiungo kwa sindano wayapime, watampa antibiotiki kwenye mshipa, na mara nyingi watakisafisha kiungo chumba cha upasuaji. Akianza kupumua haraka, kulegea, au mikono na miguu kuwa baridi, huenda maambukizi yameshaingia kwenye damu, usingoje kukuche.