Edison, Kiziwi Aliyeitumikia Sauti

Jioni nyingi za utoto wangu huko Chale nilikaa pwani nikimngoja mjomba arudi na ngalawa. Mjomba alikuwa mvuvi wa kupiga mbizi, na miaka mingi ya mbizi ilimharibu masikio. Watu walipomwita asiitike, walisema ana kiburi. Humkumbuka mzee huyo kila nisomapo maisha ya Thomas Alva Edison.

Edison alizaliwa Milan, katika jimbo la Ohio, Marekani, mwaka 1847. Shuleni hakukaa sana, mamaye ndiye aliyemfundisha nyumbani. Akiwa na miaka 12 aliuza magazeti na peremende katika garimoshi, na tangu umri huo, kama alivyosimulia mwenyewe, hakumsikia tena ndege akiimba. Wengine hutaja homa ya utotoni. Yeye alisema alivutwa masikio alipokuwa akipandishwa garimoshi.

Ajabu ni kwamba kiziwi huyu aliishi kwa kazi ya sauti. Alianza na telegrafu, ambayo milio yake ilimfikia huku kelele nyingine za chumbani zikimpita. Mwaka 1877, huko Menlo Park, alitengeneza kipaza sauti cha kaboni kwa ajili ya simu. Sauti ilipoikandamiza kaboni, umeme uliopita ulibadilika, na sauti ndogo ikazaa mkondo wenye nguvu. Mwaka huohuo akabuni fonografu, nyanya wa gramafoni. Alipotaka kuisikia vizuri aliuma mbao zake, sauti ikapita menoni hadi mifupa ya kichwa. Hata Mina Miller, aliyemwoa mwaka 1886, alimposa kwa kumgongea kiganjani alama za telegrafu.

Kaboni hiyo ndiyo iliyowezesha vifaa vya kwanza vya umeme vya kusaidia kusikia. Miller Reese Hutchison, aliyeunda kimojawapo mwaka 1898, baadaye akawa mhandisi mkuu wa Edison. Lakini Edison mwenyewe hakuulilia uziwi wake. Aliuhesabu kuwa faida, kwa kuwa ulimpa utulivu wa kufikiri.

Mjomba hakuweza kusema hivyo. Mvuvi asiyesikia onyo la mwenzake yumo hatarini. Uzeeni alipata kifaa cha sikioni, nacho kikakuza kila kitu sawasawa: upepo wa kusi, mawimbi mwambani na maneno ya wajukuu. Akakifungia sandukuni. Hapo ndipo nilipoelewa kuwa kukuza sauti ni jambo moja na kuichambua ni jambo jingine. Vifaa vya kidijitali vilivyoingia sokoni katika miaka ya 1990 huigawa sauti mafungu mafungu, vikaikuza ya chini kuliko ya juu, vikapunguza mvumo, na kwa maikrofoni mbili vikamfuata zaidi asemaye mbele. Hata hivyo havimrudishii mtu sikio lake la ujana.

Edison alifariki West Orange tarehe 18 Oktoba 1931. Ulimwengu ulimheshimu, wala hakuna aliyeuita uziwi wake kiburi. Mjomba alikwenda kaburini na lawama hiyo. Basi, ndugu msomaji, ukimwita mzee asiitike, usimnung'unikie. Msogelee, mwelekee uso kwa uso, useme naye taratibu. Msaada huo hauna bei.