JAMBIA LA BARKA: MAISHA YA SEYYID SAID BIN SULTAN

Akitajwa Seyyid Said bin Sultan hapa Pwani, wengi wetu hukumbuka mikarafuu ya Unguja na Pemba, majahazi yaliyojaa bandarini, na misafara iliyokwenda bara ikarudi na pembe za ndovu na, kwa huzuni yetu, na watumwa. Yote hayo ni kweli. Lakini mimi leo nataka kumtazama bwana huyu kwa upande ambao hatupendi kuusimulia, nao ni upande wa damu. Sikusudii kumtukana marehemu, kwani hukumu yake iko kwa Mola wake. Nakusudia tupime jambo moja: vipi heshima na uchu wa utawala humfanya mtu amwone nduguye kuwa ni ukuta wa kubomolewa.

Seyyid Said alizaliwa Oman yapata mwaka 1791. Baba yake, Sultan bin Ahmad, aliyekuwa akitawala Maskati, aliuawa baharini mwaka 1804 katika mapigano na Maqawasim. Aliacha watoto wawili, Salim na Said, wote wangali vijana. Wajomba na ami zao walianza kukinyemelea kiti kabla machozi ya msiba hayajakauka. Ami yao Qais bin Ahmad, mtawala wa Sohar, alishika silaha akautaka utawala. Ndipo akaitwa binamu yao, Badr bin Saif, aje awatetee watoto.

Badr alikuja, na kweli aliwatetea. Lakini aliyekuja kulinda mali ya yatima akaanza kuila. Alikuwa amewahi kukimbilia kwa Mawahabi wa Dir'iya, na alipopata nguvu aliutegemea msaada wao. Maskati ikawa inawalipa wao. Kwa watu wa ukoo wa Al Busaidi hiyo ilikuwa fedheha isiyovumilika. Shangazi wa vijana wale, Bibi Moza binti Ahmad, mwanamke mwenye akili na moyo mgumu, hakukubali nyumba ya baba yake ishuke namna hiyo. Inasimuliwa kwamba shauri la kumwondoa Badr lilipitia kwake.

Mwaka 1806, katika ngome iliyo karibu na mji wa Barka, Said alimwalika binamu yake. Yasemekana mazungumzo yalifika kwenye majambia, kama kawaida ya wanaume wa Kiarabu waketipo kitako. Jambia likatoka alani, na Said akampiga nalo Badr. Badr alijeruhiwa, akaruka dirishani, akapata farasi na kukimbia, lakini watu wa Said walimfuata wakammaliza. Said alikuwa na umri wa miaka kama kumi na mitano tu. Kuanzia siku ile yeye ndiye aliyeshika hatamu, akatawala miaka hamsini.

Hebu tusimame hapa, msomaji. Ukiwauliza watetezi wa Said watakwambia kwamba aliua kwa ajili ya heshima: Badr alikuwa ameuza nchi na kuwanyang'anya yatima haki yao. Ukiwauliza wapinzani watakwambia kwamba aliua kwa tamaa ya kiti. Mimi naona pande zote mbili zinasema kweli, na hiyo ndiyo hatari yenyewe. Tamaa peke yake huona haya, hutembea usiku. Lakini ikivishwa kanzu ya heshima hutoka mchana kweupe, na watu huisimamia na kuisifu.

Heshima hiyohiyo ndiyo iliyomleta Mombasa. Mwaka 1814 Abdalla bin Ahmad al-Mazrui alipokuwa liwali, hakumpelekea Said zawadi za utiifu kama ilivyokuwa desturi. Alimpelekea deraya, kibaba, baruti na risasi. Maana yake haikuhitaji mfasiri: ukiitaka Mombasa, vaa uje tupimane. Kabla ya hapo watu wa Lamu walikuwa wamewashinda Wamombasa na Wapate katika vita vya Shela, wakaomba himaya ya Said. Basi Said akawa na mlango wa kuingilia na tusi la kulipiza.

Hakuwa mtu wa haraka. Aliwanyang'anya Mazrui Pemba. Mwaka 1824 Mombasa ikapandisha bendera ya Kiingereza ili imzuie, lakini himaya ile ilivunjika mwaka 1826. Mwaka 1828 alikuja mwenyewe na merikebu zake, akaingia Ngome kwa mapatano yasiyodumu. Wamombasa walipigana kiume, na mshairi wao Muyaka bin Haji aliwatia moyo kwa tungo ambazo mpaka leo zinasomwa. Humo utaona jinsi neno la aibu lilivyoweza kumfanya mtu ashike upanga upesi kuliko njaa.

Lakini kilichoiangusha Mombasa si merikebu za Said. Baada ya liwali Salim bin Ahmad kufariki mwaka 1835, Mazrui waligombania kiti wao kwa wao. Penye ufa ndipo maji yapenyapo. Mwaka 1837 Said akautwaa mji. Kisha liwali Rashid bin Salim na wakubwa wa ukoo wake wakakamatwa kwa hila iliyotekelezwa na Khalid, mtoto wa Said. Walipelekwa Bandar Abbas, na hawakurudi. Waliosalimika wakahamia Gazi na Takaungu.

Said akawa bwana wa Pwani. Mwaka 1840 akayafanya makao yake Unguja, akapanda karafuu, akafanya mikataba na Marekani, Uingereza na Ufaransa. Siyu peke yake ndiyo iliyomtia adabu: katika miaka ya 1840 jeshi lake lilipigwa na watu wa Bwana Mataka, na amiri wake akauawa. Said alifariki baharini karibu na visiwa vya Shelisheli mwezi Oktoba 1856, akitoka Oman kurudi Unguja.

Je, jambia la Barka lilizikwa pamoja naye? La, hasha. Watoto wake waligombana juu ya urithi. Mwaka 1859 Barghash alimwasi nduguye Majid kisiwani Unguja, na dada yao Salme, aliyesaidia uasi ule, alikuja kuusimulia katika kitabu chake cha mwaka 1886. Mwaka 1861 Waingereza waliigawa dola, Oman ikawa mbali na Unguja mbali. Kisha mwaka 1866, huko Sohar, Thuwaini bin Said aliuawa kwa risasi akiwa usingizini. Aliyemuua alikuwa Salim, mtoto wake wa kumzaa. Salim hakufaidi: mwaka 1868 alipinduliwa na Azzan bin Qais, wa kizazi cha yule Qais wa Sohar. Azzan naye akauawa vitani mwaka 1871, na kiti kikaenda kwa Turki, mtoto mwingine wa Seyyid Said.

Na huku kwetu, Mbaruk bin Rashid wa Gazi, mtoto wa yule Rashid aliyepotelea Bandar Abbas, alipigana na watawala wa Unguja kwa miaka mingi, na mwaka 1895 akapigana na Waingereza. Kisasi kilirithiwa kama shamba la minazi.

Niyasomapo haya hukumbuka utenzi wa Fumo Liyongo alioutunga Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913. Liyongo naye aliuawa na mwanawe, kwa sindano ya shaba kitovuni, hali amelala. Kijana alikuwa ameahidiwa binti ya mfalme na cheo. Hakuvipata, akabaki na laana. Mtu aweza kudhani hiyo ni hadithi ya wazee tu, lakini Sohar ilitokea kweli. Na kabla ya hao wote walikuwapo Kabili na Habili, ambao hawakuwa na kiti cha kugombania, ila mmoja aliona uchungu kwamba sadaka ya mwenziwe imekubaliwa na yake imekataliwa.

Basi tunapowafundisha watoto wetu habari za Seyyid Said, tuwaambie habari za karafuu na tuwaambie habari za Barka. Tusiwafiche kwamba aliyejenga dola kubwa alianza kwa kumwaga damu ya binamu yake, wala kwamba damu hiyo iliirudia nyumba yake. Na mtu akija kwetu, awe mgombea wa kiti au ndugu anayedai shamba la urithi, akatuambia kwamba ni heshima inayomtaka ashike silaha, tumwulize kwanza: heshima hiyo ikishalipwa, ni nani atakayekikalia kiti? Jawabu lake litatuonyesha kilichomo ndani ya kanzu.