Esther Rolle: Mama Aliyedai Baba Awepo Nyumbani

Askari aliyelala kambini, mbali na mkewe na wanawe, anajua uzito wa neno baba. Anajua pia kwamba nafasi yake nyumbani hulindwa na yule mama aliyebaki na watoto. Kwa hiyo tumeona vema leo tuwasimulie wasomaji wetu wa jeshi na wa polisi maisha ya marehemu Bibi Esther Rolle, mwigizaji mweusi wa Marekani, aliyeilinda nafasi hiyo mbele ya mamilioni ya watazamaji.

Bibi Rolle alizaliwa tarehe 8 Novemba 1920 mjini Pompano Beach, katika jimbo la Florida. Wazazi wake walikuwa wakulima waliohamia huko kutoka visiwa vya Bahama. Walijaliwa watoto 18, na Esther alikuwa wa kumi. Alipokua alikwenda New York, akafanya kazi katika viwanda vya nguo huku akijifunza sanaa ya jukwaa. Alijiunga na kundi la ngoma la Shogola Oloba, lililoanzishwa na Asadata Dafora, mzaliwa wa Sierra Leone, na baadaye akaliongoza yeye mwenyewe. Mwaka 1967, lilipoanzishwa kundi la maigizo la Negro Ensemble Company, alikuwa miongoni mwa waigizaji wake wa kwanza.

Sifa kubwa ilimfikia akiwa mtu mzima. Mwaka 1972, akiwa na umri wa miaka 51, alipewa nafasi ya Florida Evans, mtumishi wa nyumbani, katika mchezo wa televisheni uitwao Maude. Watazamaji walimpenda mno, hata wakuu wa kazi hiyo wakaamua kumpa mchezo wake mwenyewe. Walikusudia kwamba Florida awe mama anayelea watoto peke yake. Bibi Rolle alikataa katakata. Alitaka watu waone familia ya weusi yenye baba na mama, maana picha ya nyumba isiyo na baba ilikuwa imekwisha kuzoeleka kupita kiasi.

Akakubaliwa. Mchezo huo, Good Times, ulianza kuonyeshwa tarehe 8 Februari 1974. Ulihusu jamaa ya Evans, iliyoishi Chicago katika nyumba za serikali za watu wenye kipato kidogo. Baba, James, aliyeigizwa na John Amos, alikuwa amepigana vita vya Korea. Alihangaika kutoka kibarua hiki hadi kile, na kodi ya nyumba ilimsumbua kila mwezi. Lakini mbele ya watoto wake watatu alikuwa baba kamili. Watu walicheka, na katika kicheko hicho wengi waliyaona maisha yao wenyewe.

Walakini punde si punde mambo yaligeuka. Mtoto mkubwa, J.J., alipendwa kwa vituko vyake, na waandishi wakazidi kumfanya mzaha: kijana asiyejali masomo wala kazi. Mwaka 1975 Bibi Rolle alilalamika hadharani katika gazeti la Ebony kwamba kijana wa namna hiyo si mfano mwema kwa watoto weusi. John Amos naye alibishana na waandishi, na mwaka 1976 akaondolewa. Katika hadithi, James alikufa kwa ajali ya gari huko Mississippi, alikokuwa amepata kazi mpya. Nyumba ikabaki bila baba, kinyume cha lile alilolipigania Bibi Rolle tangu mwanzo.

Mwaka uliofuata naye aliondoka, ingawa jina lake lilikuwa limesimama juu ya mchezo huo. Alirudi mwaka 1978, akiwa ametaka kwamba J.J. afanywe kijana wa kuwajibika. Lakini watazamaji walikuwa wamepungua, na mchezo ukamalizika mwaka 1979. Mwaka huohuo alipata tuzo ya Emmy kwa filamu ya televisheni, Summer of My German Soldier. Mwaka 1990 chama cha NAACP, kinachotetea haki za weusi, kilimpa tuzo ya uongozi ambayo hakuna mwanamke aliyewahi kuipata kabla yake. Alifariki dunia tarehe 17 Novemba 1998, akiwa na umri wa miaka 78, baada ya kuugua kisukari.

Wanaoukumbuka mchezo ule kwa hamu hukumbuka kwanza vichekesho. Sisi twamkumbuka mama aliyejua kwamba kicheko kinaweza kumjenga mtu au kumdhalilisha, akaona afadhali kupoteza kazi yenye sifa kuliko kuwa chombo cha kudhalilisha wenziwe. Baba wa mchezo ule hakurudi. Lakini ndugu msomaji, wewe ukipewa likizo utarudi. Nawe ukiikuta nafasi yako haijaguswa, usisahau kumshukuru aliyekutunzia.