Selim Bey na Urithi wa Bunduki

Isiolo ni mji uliozoea wajukuu wa askari. Baada ya vita vya 1914 hadi 1918, baadhi ya Wasomali wa kabila la Isaak waliowatumikia Waingereza walipewa makazi hapo, na vizazi vyao vingalipo. Kila nikiwataja hao humkumbuka aliyewatangulia katika njia hiyo, Selim Bey, Msudani.

Marehemu alikuwa afisa wa jeshi la Misri katika jimbo la Ikweta, chini ya gavana Emin Pasha. Mwaka 1889 Stanley alipokuja kumchukua Emin ampeleke pwani, Selim alikuwa ametumwa Wadelai akusanye watu. Stanley hakumngoja. Basi akabaki Kavalli, karibu na Ziwa Albert, yeye na askari wake, wake zao, watoto na watumishi, maelfu ya roho, pasi na mshahara wala habari, nao bado wakijihesabu askari wa Khedive.

Mwaka 1891 akatokea Kapteni Lugard, naye anatafuta askari wa kuishika Uganda. Mwingine, kwa dhiki ile, angalikubali papo hapo. Selim alikataa kubadili bwana ila kwa idhini ya Khedive, na kwa sharti hilo ndipo walipofuatana.

Ukaja mwaka 1893. Fitina imewaka Buganda kati ya Waislamu na Wakristo, na Selim yuko Entebbe, mgonjwa. Akampelekea Macdonald, mkubwa wa Kiingereza, ujumbe kwamba Mbogo, kiongozi wa Waislamu, asipigwe. Macdonald akauita uasi. Akamvua cheo na kumpeleka uhamishoni. Pwani hakufika. Alifia njiani, Naivasha. Lugard mwenyewe alisimama kumtetea, lakini maiti hatetewi akainuka.

Askari wake mwaka 1897 wengi waliasi, wamechoshwa na safari zisizokwisha na ujira haba. Waliosalia waliingia King's African Rifles ilipoundwa mwaka 1902, na kazi ile ikawa ya kurithiana, baba akitoka mwana anaingia. Hao ndio Wanubi, wenye lugha yao ya Kinubi, tawi la Kiarabu.

Wastaafu wao walitengewa Kibera, Nairobi. Mwaka 1918 eneo hilo lilitangazwa rasmi, ekari 4,197. Hati ya ardhi wajukuu waliipata mwaka 2017. Ilikuwa ya ekari 288.