Kaburi la Marie Laveau na hirizi yangu



Leo namleta mama ambaye hayumo kwenye orodha ya watakatifu: Marie Laveau wa New Orleans, Marekani. Wengi wanamjua kama malkia wa Voodoo, imani iliyovuka bahari pamoja na watumwa kutoka Afrika. Wachache wanajua kwamba alikuwa Mkatoliki.

Alizaliwa 1801, huru, mwenye damu mchanganyiko, katika mji ambao watu weusi waliuzwa sokoni. Mwaka 1819 alifunga ndoa kanisani na Jacques Paris. Mume hakudumu, Marie akabaki anaitwa mjane Paris, kisha akaishi na Christophe Glapion miaka mingi. Anakumbukwa kwa kuuguza wagonjwa wa homa ya manjano na kuwatembelea gerezani waliohukumiwa kifo. Ila watu walibisha hodi kwake pia kutafuta hirizi na bahati.

Alifariki Juni 1881, akazikwa Kikatoliki. Inaaminika amelala katika kaburi la familia ya Glapion, Makaburi ya Mtakatifu Louis Namba 1, ambako makaburi yamejengwa juu ya ardhi kama vijumba. Kwa miaka mingi wageni walichora alama tatu za X ukutani wakiomba shida zao zitatuliwe. Mwaka 2013 mtu akalipaka lote rangi ya waridi! Likakarabatiwa, na tangu 2015 mgeni haingii makaburini bila kiongozi wa watalii.

Jamani, niliposoma hayo nilijiona mimi. Wakati wa mtihani wa kidato cha nne nilivaa rozari shingoni, na mfukoni nilikuwa na hirizi niliyopewa na ndugu yangu. Jumapili nilikomunika kama kawaida. Nilijiambia ni mila tu, lakini kama ni mila tu, mbona niliificha? Ukweli ni kwamba Mungu nilimwamini nusu. Siku niliyoungama ndipo nililala usingizi.

Kwa hiyo Marie simhukumu. Huruma yake kwa wafungwa inanizidi mbali. Wengine wanakwenda kaburini kwake kumwomba. Sisi tumwombee, apate pumziko la milele.

Na wewe, mfukoni una nini? Kama kipo, wiki hii usiogope, nenda kamwone padri.