Hergé, baba wa Tintin: alichora Kongo asiyoijua

Msomaji wa vitabu vya katuni anamjua Tintin, yule kijana mwandishi wa habari mwenye kishungi cha nywele na mbwa mweupe. Aliyemchora ni Georges Remi, maarufu kwa jina la Hergé, aliyezaliwa Brussels, Ubelgiji, mwaka 1907.

Tintin alianza kutoka gazetini Januari 10, 1929. Safari yake ya pili, mwaka 1930, ilikuwa Kongo, wakati huo koloni la Ubelgiji. Hergé hakuwa amefika huko. Alichora yaliyosemwa kwao: Mwafrika mjinga na mvivu, Mzungu ndiye mwalimu. Vituko vya Kapteni Haddock hunivunja mbavu, lakini nikifika kwenye kitabu cha Kongo kicheko hukauka.

Mwaka 1934 alikutana na Zhang Chongren, Mchina aliyekuwa akisomea sanaa Brussels. Zhang alimweleza China ilivyo hasa. Tangu hapo Hergé akawa mtu wa kuuliza na kuchunguza kabla ya kuchora.

Mwaka 1946 alikichora upya kitabu cha Kongo. Somo ambalo Tintin aliwafundisha watoto wa Kongo kwamba nchi yao ni Ubelgiji likawa somo la hesabu. Lakini sura za kuwadhihaki watu zilibaki.

Hergé alifariki Machi 3, 1983. China ilipata Zhang wa kuisemea, Kongo haikupata. Mzazi, mwanao akikishika kitabu hicho, usimnyang'anye. Kaa naye, mweleze kilichorwa na nani, na lini.