Delamere: Shamba ekari 100,000, deni pauni 500,000

Ukitaja Unga Limited, mfanyabiashara wa mahindi wa Babati hufikiria mtaa wa Arusha. Kampuni ya jina hilo ilianzishwa Kenya mwaka 1908 na mlowezi wa Kiingereza, Lord Delamere.

Mwaka 1903 alipangishiwa ekari 100,000 huko Njoro kwa kodi ya pauni 200 kwa mwaka. Akaagiza kondoo aina ya merino, wengi wakafa. Malisho yalikosa madini, na Wamasai walikuwa wakiyakwepa tangu zamani, ila hawakuulizwa. Ng'ombe nao wakafa. Badala ya kukaa chini apige hesabu, aliweka rehani mali zake za Uingereza, akakopa na kulima ngano. Kutu ikaiteketeza. Ndipo akaajiri mtaalamu wa kutafuta mbegu inayostahimili kutu, kazi iliyopaswa kutangulia jembe.

Fedha hazikuishia kwenye majumba. Kwa miaka kadhaa aliishi kibandani. Zilimezwa na haraka. Wachungaji na vibarua wake hawakuwa na sauti katika mikopo hiyo, ingawa ujira wao ulitoka humo humo.

Alifariki Novemba 1931, bei za mazao zikiwa zimeanguka duniani kote. Benki zilikuwa zinamdai takriban pauni 500,000.